Muadh bin Jabal: Sahaba aliyeuziwa mali yake ili wadai walipwe

Mfanyabiashara wa Riyadh au Jeddah anayeelemewa na madeni siku hizi anahukumiwa kwa sheria ya kufilisika iliyotolewa na serikali ya Saudi Arabia mwezi Februari 2018 na kuanza kutumika Agosti mwaka huo huo. Ndani ya sheria hiyo mna jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike. Mahakama ya biashara inaweza kugeuka nyuma na kutazama mali aliyoitoa mdaiwa kabla mambo yake hayajaharibika. Kama aliitoa bure, au aliiuza kwa bei ya kutupa, katika miezi 12 kabla ya shauri kufunguliwa, waliodhurika wanaweza kuomba jambo hilo litanguliwe na mali irudi kwenye fungu la wadai. Kama aliyepokea ni jamaa yake au mtu wake wa karibu, muda huo unafika miezi 24.

Wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu yaliyoingia pamoja na mabenki na wawekezaji. Kiasi fulani ni kweli, kwani walioandika sheria hiyo waliangalia sheria za nchi nyingi. Lakini katika vitabu vya fiqhi vinavyosomwa Saudi Arabia, na vile vinavyosomwa Lamu na Unguja pia, mlango wa kufilisika haufunguliwi bila kutajwa kijana mmoja wa Madina aliyefariki dunia mwaka 639. Jina lake ni Muadh bin Jabal. Waislamu wengi wanamjua kuwa ni mwanachuoni mkubwa miongoni mwa masahaba na mjumbe wa Mtume Muhammad (S.A.W.) kule Yemen. Wachache wanakumbuka kwamba alikwenda Yemen akiwa ametoka kufilisiwa, na kwamba aliporudi akiwa na mali mabishano yalizuka juu ya mali ile. Makala yetu ya leo inasimulia maisha yake kwa upande huo.

Muadh alizaliwa Yathrib, mji ambao baadaye uliitwa Madina, katika kabila la Khazraj. Alisilimu akiwa kijana wa miaka 18 hivi. Alikuwa miongoni mwa watu wa Madina waliokwenda kukutana na Mtume kwa siri usiku mahali panapoitwa Aqaba, karibu na Makka, mwaka 622, wakampa ahadi ya kumlinda. Aliporudi mjini kwake, yeye na vijana wenzake waliwasumbua wazee walioshikilia masanamu mpaka baadhi yao wakayaacha. Miaka miwili baadaye alipigana Badr.

Waliomsifu wanataja urefu wake, uzuri wa uso wake na weupe wa meno yake, na kwamba alipozungumza watu walinyamaza. Mtume alimtaja kuwa ni mmoja wa watu wanne ambao Qurani ichukuliwe kwao, na kwamba ndiye mjuzi zaidi katika umma wake wa mambo ya halali na haramu. Neno hilo la mwisho lina uzito katika kisa hiki. Aliyezama katika madeni hakuwa mjinga wa sheria wala mtu wa mitaani. Alikuwa ndiye bingwa wa halali na haramu.

Ila mkono wake haukuwa na kizuizi. Masimulizi yaliyopokewa kutoka familia ya Kaab bin Malik, ambaye naye alikuwa Ansari wa Madina, yanasema kwamba Muadh alikuwa kijana mkarimu asiyezuia kitu. Aliyemwomba alipewa, na alipokuwa hana alikopa ili atoe. Akaendelea hivyo mpaka madeni yakaimeza mali yake yote. Wanachuoni wa hadithi wamejadiliana kuhusu nguvu ya mlolongo wa wapokezi wa kisa hiki, na baadhi yao wanaona kwamba kauli yenye nguvu ni ile inayoishia kwa mtoto wa Kaab na si kwa Kaab mwenyewe. Hata hivyo mafakihi wa madhehebu mbalimbali wamekitumia karne hadi karne.

Wadai walipomzidi, alimwendea Mtume na kumwomba azungumze nao. Hapa ndipo kisa kinapokuwa na maana kwa kila anayekopesha na anayekopa. Mtume alizungumza na wadai, na wadai wakakataa kusamehe. Wapokezi wa kisa wanaongeza kwamba kama kungekuwa na mtu wa kusamehewa deni kwa ajili ya heshima ya mwombezi wake, basi angekuwa Muadh, kwa kuwa mwombezi wake alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hawakusamehe, na hatusomi popote kwamba waliadhibiwa, walitishwa au waliitwa wabaya. Haki yao ilikuwa ni yao.

Sisi tunaona kwamba hapo pana funzo ambalo serikali zetu za Afrika Mashariki hazikulipenda. Tanzania ililazimika kuunda chombo maalumu, LART, mwaka 1991, ili kukusanya mikopo iliyokwama katika mabenki ya umma, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaja kugawanywa mwaka 1997 ikiwa imebeba mzigo wa mikopo isiyolipika. Kila mtu wa rika letu anajua habari za wakubwa waliokuwa wakikopa kwa simu, na meneja wa benki akaona haya kuwadai. Madina ya mwaka 630 meneja hakuona haya.

Baada ya wadai kukataa, Mtume alimzuia Muadh asiiguse mali yake, akaiuza yote, na fedha zikagawiwa wadai. Muadh akasimama hana kitu. Kitendo cha kuzuiliwa huko ndicho mafakihi wanachokiita hajri, na ndicho msingi wa kila wanachokisema baada yake kuhusu muflisi. Mali inatoka mikononi mwa mdaiwa, inaingia katika mikono ya mwenye mamlaka, inauzwa, na kila mdai anapata kwa kadiri ya deni lake.

Riwaya moja inatoa hesabu yenyewe. Wadai walipata sehemu tano katika saba za haki zao. Yaani aliyekuwa akidai dirham 7 alipata 5, na aliyekuwa akidai 70 alipata 50. Aliyefika kwanza mlangoni hakumzidi aliyefika mwisho, na mwenye sauti kubwa hakupata zaidi ya mnyonge. Wasomaji wetu waliowahi kudai mishahara kwa kampuni iliyofungwa watafahamu mara moja uzito wa hesabu hiyo. Katika kufilisika, hasara haikwepeki, na linalobaki kuulizwa ni nani aibebe. Kama mdai mmoja amelipwa saba kamili kwa mlango wa nyuma, basi kuna mwingine aliyepata tatu.

Sehemu mbili zilizobaki je? Wadai waliambiwa kwamba hawana njia nyingine juu yake kwa wakati ule. Mafakihi wengi wamelifasiri hilo kwamba deni halikufutwa, bali anapewa nafasi mpaka apate, kama Qurani inavyoagiza katika Sura ya Pili, aya ya 280, kuhusu mdaiwa aliye katika dhiki. Sheria ya Saudi Arabia ya 2018 imebaki karibu na hapo. Kufilisiwa peke yake hakumtoi mtu katika deni lililosalia mpaka wadai wenyewe wamsamehe. Msomaji aliyeko Marekani ataona tofauti, kwa kuwa huko mtu mwaminifu akimaliza shauri lake mahakamani anaweza kuondoka akiwa amefutiwa sehemu kubwa ya madeni.

Lakini tuangalie pia kile ambacho kisa cha Muadh hakikijibu. Muadh alitoa sana kabla ya kufilisiwa. Kuna watu waliokula kwake, waliovaa kwake, waliopewa fedha zilizotokana na mikopo ya wengine. Hatusomi kwamba waliendewa ili warudishe. Je, wangeendewa? Kama siku tatu kabla ya kuzuiliwa angempa ndugu yake shamba la mitende, shamba hilo lingekuwa la ndugu yake au la wadai? Tutarudi kwenye swali hilo, kwani lilimfuata Muadh mwenyewe kwa sura nyingine.

Mwaka wa 9 Hijria, baada ya kufilisiwa, Mtume alimtuma Yemen. Wengine wanasema ni mwaka wa 10. Alipewa kazi ya kufundisha dini, kuhukumu na kukusanya zaka, na kuzigawa kwa mafukara wa huko huko. Wapokezi wanasema wazi kwamba safari hiyo ilikuwa na nia nyingine pia, nayo ni kwamba huenda Mungu akamrudishia alichopoteza. Abu Musa al-Ashari naye alitumwa sehemu nyingine ya Yemen. Mtume alimsindikiza Muadh kwa miguu naye Muadh akiwa amepanda mnyama, na akamweleza kwamba huenda wasionane tena baada ya mwaka ule. Muadh akalia. Hawakuonana tena.

Mahojiano mashuhuri ambamo Muadh anaulizwa atahukumu kwa nini, naye akataja Kitabu, kisha Sunna, kisha juhudi ya akili yake, yanahusishwa na safari hiyo. Wanachuoni wamejadili mlolongo wake pia, lakini hakuna mwanafunzi wa sheria ya Kiislamu asiyeyajua. Msikiti wa al-Janad, karibu na mji wa Taiz, unanasibishwa naye mpaka leo.

Yemen ilikuwa nchi ya biashara, na Muadh hakukaa mikono mitupu. Wanahistoria wanamtaja kuwa ndiye mtu wa kwanza kufanya biashara kwa kutumia mali ya Mungu, yaani mali iliyo chini ya mamlaka ya umma. Alifanya hivyo mpaka akapata. Alipofariki Mtume mwaka 632, Muadh alikuwa bado yuko huko. Aliporejea Hijazi wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Abubakar, alikuja na mali na watumwa.

Sayyidna Umar bin Khattab alipoona, alimwendea Khalifa. Ushauri wake ulikuwa kwamba Muadh aachiwe kiasi cha kumtosha kuishi na kinachobaki kichukuliwe. Hoja yake inaeleweka. Mtu aliondoka Madina akiwa hana hata kitanda, akapewa cheo, akarudi tajiri. Mali ile imetoka wapi kama si katika cheo? Sayyidna Umar alikuja kuwa maarufu kwa jambo hili alipokuwa Khalifa mwenyewe, kwani alikuwa akihesabu mali za magavana wake na kuwanyang'anya nusu wale walioongezeka bila sababu inayoridhisha.

Sayyidna Abubakar alikataa. Kwake yeye, Mtume ndiye aliyemtuma Muadh ili hali yake irekebike, kwa hiyo hatachukua chochote ila Muadh atoe mwenyewe. Umar hakuridhika, akamwendea Muadh ana kwa ana. Muadh naye akakataa kwa hoja ile ile, kwamba alitumwa ili arudishiwe alichopoteza. Tunao basi watu watatu waadilifu, wote wanamjua marehemu Mtume kwa karibu, na hawakubaliani ni mali ya nani.

Kisha Muadh akaota. Aliona yuko katika maji mengi, anaogopa kuzama, na Umar anamtoa. Asubuhi akamwendea Umar na kumwambia amekubali. Akaenda kwa Khalifa, akaeleza kila alichokuja nacho, akaapa kwamba hatamficha kitu chochote. Sayyidna Abubakar akasema hatachukua, bali anampa mali hiyo kuwa zawadi. Hapo ndipo Umar alipotangaza kwamba sasa mali imekuwa nzuri na halali. Riwaya nyingine inasema kwamba Muadh aliwakuta wale watumwa wakisali, akawauliza wanamsalia nani, na walipojibu kwamba wanamsalia Mwenyezi Mungu, akawaacha huru.

Kilichombadilisha Umar si kiasi cha mali, kwani mali ilibaki ile ile mikononi mwa mtu yule yule. Kilichobadilika ni kwamba ilitajwa yote mbele ya mwenye mamlaka, ikawa juu ya meza, na aliyekuwa na haki ya kuichukua akaiachia akijua anachoachia. Mfilisi yeyote wa Jeddah, Nairobi au London atakwambia kwamba nusu ya kazi yake ni hiyo tu, kumfanya mtu ataje kila kitu. Mali inayofichwa na mali inayohamishiwa jina la mke ndizo zinazokula miaka ya mahakama.

Sasa turudi kwenye lile shamba la mitende la ndugu. Baada ya Muadh, mafakihi waligawanyika. Imamu Abu Hanifa hakukubali hata kwamba mtu mzima mwenye akili azuiwe mali yake kwa sababu ya deni, ingawa wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, walimpinga. Imamu Shafii alikubali kuzuiwa, lakini athari yake inaanza siku kadhi anapotamka. Alichokitoa mdaiwa jana yake kimekwenda. Watu wa mwambao wetu, ambao wengi ni Mashafii, wamelelewa katika kauli hiyo. Imamu Malik, ambaye aliishi na kufa Madina, katika mji wa Muadh mwenyewe, alikwenda mbali zaidi. Kwake yeye, mtu ambaye madeni yamezidi mali yake hana haki ya kugawa zawadi, na wadai wanaweza kuirudisha zawadi hata kama kadhi alikuwa hajasema neno.

Saudi Arabia ni nchi ya Kihanbali, na kauli mashuhuri ya Mahanbali ilikuwa karibu na ya Shafii. Lakini Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walichagua kauli ya Malik. Kwa maoni yao, wakfu na sadaka ya mtu aliyezama katika deni inawadhuru wadai na kwa hiyo haisimami. Kwa kuwa maneno ya wawili hao yana uzito mkubwa Riyadh, njia ya kwenda kwenye miezi 12 na 24 ya sheria ya 2018 ilikuwa imesafishwa zamani na watu wenye vilemba.

Jeddah ilitangulia kwa upande wa biashara, kama ilivyo kawaida ya mji wa bandari. Nidhamu ya mahakama ya biashara iliyotolewa mwaka 1931 ilikuwa na milango mizima juu ya kufilisika, na ilimgawa muflisi mafungu matatu: aliyepatwa na hasara ya kweli, aliyezembea, na mlaghai. Mahakama ile ya Jeddah ilivunjwa miaka ya 1950, lakini mgawanyo ule ulidumu katika vitabu. Mwaka 1996 ikaja sheria ya suluhu ya kumkinga mtu asifilisike, kisha hii ya 2018 ikachukua nafasi ya zote mbili katika mambo haya.

Ugumu wa kweli si kwa mtu aliyemwandikia shemeji yake nyumba. Huyo anajulikana. Ugumu uko kwa wawekezaji waliopokea faida bila kujua kwamba faida hiyo ni fedha za wenzao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wengi wa Jeddah na miji mingine ya Saudi Arabia walichangishwa fedha kwa ahadi ya faida nono katika biashara ya kadi za simu za Sawa. Waliotangulia walipata, waliofuata wakabaki kulia mahakamani. Watanzania wanakumbuka DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009. Waliopanda mbegu mapema walivuna, na mavuno yao yalikuwa mbegu za waliopanda mwisho. Nchini Marekani, baada ya Bernard Madoff kukamatwa mwaka 2008, mfilisi aliwaendea hata waliokuwa wamevuna kwa nia safi, akawadai kile kilichozidi mtaji wao, na makusanyo yote yamepita dola bilioni 14. Wengi wao walikuwa wazee waliokwisha kuzila fedha hizo. Walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake, lakini upande wa pili walikuwako wazee wengine ambao hawakupata hata mtaji.

Kwa mkopeshaji pia ni hivyo. Benki iliyolipwa yote wiki moja kabla ya kampuni kuanguka inaweza kusema kwamba ilipokea haki yake tu. Sheria ambazo Waingereza waliziacha Afrika Mashariki zinauliza swali la ziada: je, mdaiwa alikusudia kumpendelea mmoja wakati anajua wengine hawatapata? Kama ndiyo, fedha zinarudi chunguni. Zile sehemu tano katika saba za Madina zinatetewa kwa swali hilo.

Sayyidna Umar hakuwa na huruma na watu wa namna fulani ya wakopaji. Wakati wa ukhalifa wake kulikuwa na mtu wa kabila la Juhayna aliyeitwa Usayfi. Huyu alikuwa akinunua ngamia wazuri kwa mkopo na kwa bei kubwa ili asifiwe kwamba amewatangulia mahujaji wenzake. Akafilisika. Umar akasimama mbele ya watu, akamlaumu kwamba aliridhika kwa dini na amana yake kusemwa amewatangulia mahujaji, na akatangaza kwamba mwenye deni lake aje asubuhi wagawane mali ya mtu huyo. Imamu Malik ameinukuu habari hiyo katika kitabu chake, Muwatta. Muadh alikopa ili atoe, Usayfi alikopa ili aonekane, na wote wawili waliuziwa mali sawasawa. Mdai hakuulizwa kama anaipenda sababu ya mkopo.

Muadh hakukaa Madina. Alikwenda Sham, ambako majeshi ya Waislamu yalikuwa yakipambana na Warumi, na huko akawa mwalimu wa watu. Msimuliaji mmoja alieleza jinsi alivyoingia msikiti wa Damascus na kumkuta kijana mwenye meno meupe, wazee wamemzunguka, wakikhitilafiana wanamrejea yeye.

Umar, sasa akiwa Khalifa, alifunga dinari 400 katika mfuko akampa mtumishi azipeleke kwa Abu Ubayda bin al-Jarrah, na akamwagiza akae kidogo nyumbani aone zinafanywaje. Abu Ubayda akazigawa zote. Umar akatuma mfuko mwingine kama huo kwa Muadh. Muadh akamwita kijakazi wake, akaanza: nyumba ya fulani hivi, nyumba ya fulani hivi. Mkewe akachungulia na kusema kwamba wao nao ni maskini, wapewe. Katika kitambaa zilikuwa zimebaki dinari mbili. Akamrushia. Mtumishi akarudi Madina na habari, na Umar akafurahi, akasema watu hao ni ndugu.

Ukarimu ni ule ule uliomfilisi, haukupungua hata chembe. Tofauti ni kwamba dinari zile 400 zilikuwa zake. Hakukuwa na mtu mlangoni anayezidai isipokuwa mkewe, naye alipata mbili. Tunakiri kwamba tungependa kujua mke yule alisema nini baada ya mtumishi kuondoka, lakini wapokezi wamenyamaza.

Mwaka 18 Hijria, sawa na 639, tauni iliyoanzia Amwas, huko Palestina, ilienea Sham yote. Abu Ubayda, aliyekuwa amiri wa jeshi, alifariki kwa maradhi hayo, na Muadh akashika nafasi yake. Baadhi ya watu walitaka kukimbia na wengine wakamtaka aombe dua balaa liondoke. Yeye aliwaambia kwamba ni rehema na kwamba ni kifo cha watu wema waliowatangulia. Mwanawe Abdurrahman akapatwa, akafa mikononi mwake. Kisha alama ya ugonjwa ikajitokeza katika mkono wake mwenyewe.

Umri wake wakati wa kufa unatajwa kati ya miaka 33 na 38. Umar alisema baadaye kwamba kama Muadh angekuwa hai wakati wake wa kuaga dunia ungefika, angemwachia ukhalifa. Alizikwa katika bonde la mto Jordan, upande wa kaskazini, karibu na mji wa Shuna, na kaburi linalonasibishwa naye linatembelewa mpaka sasa.